Fundi Mwenye Sikio la Gia

Baiskeli ya mbio ina sauti yake halali: mvumo mwembamba wa cheni yenye mafuta na mlio wa tairi juu ya lami. Sauti nyingine yoyote ni malalamiko. Kuna tiki-tiki ya sproketi moja tu. Kuna mkwaruzo unaojitokeza mlimani, cheni ikishapanda kwenye sproketi kubwa kabisa. Kuna na ule mtetemo wa cheni inayotaka kuruka lakini hairuki. Wengi wetu tunasikia kelele tu. Fundi wa gia husikia mahali.

Aliyezoea baiskeli ya Phoenix, yenye sproketi moja nyuma, huenda akaona haya ni mambo ya watu wasio na shughuli. Lakini nyuma ya baiskeli ya mbio sproketi zimebanana. Kwenye gia 10, kutoka sproketi moja hadi jirani yake hazifiki milimita 4, na kwenye gia 11 nafasi ni ndogo zaidi. Mkono wa gia, ule unaoning'inia chini ya sproketi na vigurudumu vyake viwili, unatakiwa usimame sawasawa chini ya meno, kila gia inapobadilishwa, kwa nguvu ya waya mmoja mwembamba.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mpandaji mwenyewe. Tour de France ilikataa mikono ya gia hadi mwaka 1937, na hata iliporuhusiwa, mpandaji alivuta kishikio kisicho na vituo, akatega sikio, akakisogeza tena kidogo mpaka cheni inyamaze. Mwaka 1984 kampuni ya Shimano ilipotoa gia za Dura-Ace zenye vituo vinavyobofya, mpandaji alipumzishwa. Sikio likahamia kwa fundi. Kwa maoni yangu hapo ndipo ufundi huu ulipopata heshima yake, kwa sababu fundi anasikiliza kwa niaba ya mtu atakayekuwa barabarani peke yake.

Mtazame akiwa kazini. Kijana anaingia na baiskeli, anasema gia za katikati zinapiga kelele na ameshazungusha skrubu zote. Fundi hashiki bisibisi.

“Imeanza lini, kijana wangu?”

“Tangu nirudi nayo Arusha, mzee.”

“Kwenye buti la basi ililala upande gani?”

Kijana anafikiri kidogo. Upande wa kulia, anasema, na juu yake kulikuwa na magunia. Mkono wa gia uko kulia. Fundi anachuchumaa nyuma ya gurudumu, anafumba jicho moja, anaangalia kama vigurudumu viwili vidogo vimenyooka na sproketi iliyo juu yake. Havijanyooka; cha chini kimeingia ndani kuelekea spoki. Anafungua mkono wa gia, na kwenye tundu lake anakaza fimbo ndefu ya kupimia, kisha anaizungusha na kulinganisha umbali wake na rimu juu, chini, mbele na nyuma. Palipopishana anavuta polepole kwa mkono, anapima, anavuta tena. Kile kipande cha alumini kinachobeba mkono wa gia kimetengenezwa laini makusudi, kipinde chenyewe ili fremu ipone. Kikiwa kimepinda, hakuna skrubu duniani itakayonyamazisha gia hizo.

Na hizo skrubu ndizo mtego. Mbili zilizoandikwa H na L ni mipaka tu: moja inazuia cheni isianguke nje ya sproketi ndogo, nyingine isitumbukie kwenye spoki. Kelele ya katikati haziihusu hata kidogo, ila kwa kuwa zinaonekana na bisibisi ipo, kila mtu anazichokoza. Ya tatu, inayosogeza mkono mzima mbali na sproketi, ndiyo dawa ya ule mkwaruzo wa mlimani, pale kigurudumu cha juu kinapogusana na meno. Ni wachache wanaoikumbuka.

Waya ndio wenye maneno mengi. Cheni ikisita kupanda kwenda sproketi kubwa, waya umelegea. Robo mzunguko wa kile kinati cha vidole kinachokaza waya, kisha sikiliza. Ikisita kushuka, umekaza mno. Umelegeza na bado inasita? Basi waya unakwama ndani ya ganda lake, jambo la kawaida kwa baiskeli zinazolala karibu na bahari, Tanga au Mombasa, ambako chumvi haina simile. Hapo dawa ni waya mpya na ganda jipya, tena ganda la gia. La breki limefumwa kwa nyuzi za kuzunguka, hubonyea waya ukivutwa, na gia itakuwa inakosea kila siku bila sababu inayoonekana. Nimeona magoti ya mpandaji yakilaumiwa kwa kosa la ganda.

Cheni iliyochoka haihitaji hotuba: rula inatosha. Katika inchi 12, pini ikipita alama kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, cheni ya gia 11 imemaliza kazi yake.

Kuna pia siku fundi huinua gurudumu, huzungusha pedali, husikiliza, na kusema: hii ni nzima, wewe unaendesha cheni ikiwa kwenye sproketi kubwa mbele na kubwa nyuma, imekaa mshazari, shusha ya mbele. Fundi wa namna hii anajinyima pesa ya mchana ule.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda kwake mweleze lini kelele ilianza, kwenye gia ipi, na baiskeli imetoka wapi. Na akimaliza kwa robo mzunguko wa kinati kimoja, usiombe punguzo. Mlipe.