Mtoto wa Drafti Mbele ya Ubao wa Chesi

Ukipita Tunduma, pale malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Nakonde, hutakosa kijiwe cha drafti. Ubao ni kipande cha boksi na kete ni visoda: vya huyu vimelala chali, vya yule vimefunikwa. Watoto wanaochungulia nyuma ya wachezaji huujua mchezo kabla ya kujua kusoma. Kwa hiyo mwalimu au mzazi wa Songwe anayetaka kufundisha chesi haanzi sifuri. Ana mtaji mkononi, ila una deni ndani yake.

Mtaji ni ubao ule ule wa miraba 64 na wazo kwamba kete inayofika mwisho hubadilika. Wazo hilo ndilo lililofanya kazi Katwe, Kampala, ambako mwalimu Robert Katende alianza kufundisha chesi mwaka 2004 na watoto waliokuwa wakikaa pembeni wenzao wakicheza mpira. Mwaka 2005 binti Phiona Mutesi alimfuata kaka yake pale, na uji uliokuwa ukigawiwa ulikuwa sehemu ya kivutio. Aliyemwonyesha kete zinavyotembea hakuwa Katende bali Gloria Nansubuga, mtoto wa miaka minne, na alianzia kwa askari mdogo anayevuka ubao na kuwa malkia. Mwaka 2009 Phiona alikuwa katika timu ya watoto watatu wa Uganda iliyoshinda mashindano ya Juba, na mwaka 2010 akachezea nchi yake kwenye Olimpiadi ya chesi huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Filamu ya mwaka 2016 kuhusu Phiona iliwaliza wengi. Kiufundi, siri naiona kwa Gloria: aliyeelewa jana anafundisha leo, kwa maneno ya mtoto mwenzake.

Basi somo la kwanza liwe askari peke yao, wanane kwa wanane. Anayevusha wa kwanza ameshinda. Kisha ongeza ngome, halafu askofu, halafu malkia, ambaye ni hao wawili kwa pamoja. Mfalme afuate, na farasi awe wa mwisho. Visoda vinatosha: askari hawahitaji alama, na wakubwa 16 wanabandikiwa karatasi. Usiandike herufi M, maana mfalme na malkia watagombana. Mfalme mchoree taji.

Sasa deni. Kwenye drafti kula ni lazima, na mkono wa mtoto umeshazoea hivyo. Kwenye chesi kula ni hiari, na mahubiri hayatamwingia. Mwonyeshe mtego wa Legall, Mfaransa wa karne ya 18. Mweupe anasogeza askari e4, mweusi e5. Farasi f3, askari d6. Askofu c4, askofu wa mweusi g4: anambana farasi, kwa kuwa nyuma yake yuko malkia. Mweupe anatoa farasi wa pili c3; mweusi anasogeza askari g6 bila sababu ya maana. Hapo farasi wa f3 anaruka na kumla askari wa e5, malkia kaachwa wazi.

Mtoto wa drafti hafikirii mara mbili. Anamla malkia pale d1. Askofu mweupe anakula f7 na kumshika mfalme, ambaye ana njia moja tu, e7. Farasi wa pili anatua d5, na mfalme hana pa kukimbilia. Angemla farasi wa e5 kwa askari wake wa d6, angepoteza askari mmoja tu. Rudisheni kete, mwache atafute kosa mwenyewe. Akilipata, mpe mwenzake amtegee.

Wanaodhani chesi ni ya mbali wafuate barabara hiyo hiyo ya malori ya shaba hadi Ndola, Zambia. Ndiko alikotoka Amon Simutowe, grandimasta wa kwanza kusini mwa Sahara.

Nyumbani liko tatizo jingine: mzazi anayejifanya ameshindwa. Watoto hugundua upesi, na mchezo unakufa. Afadhali mzazi aanze bila malkia lakini acheze kwa nguvu zote. Mtoto akishinda mfululizo, malkia arudi na itoke ngome. Akizidi kushinda, ngome nayo irudi na atoke farasi. Siku moja mwanao atadai mwenyewe kete zote zirudishwe.