Hesabu za Bwana Reep

Siku hizi ubishi wa mpira humalizwa kwa asilimia. Mchezo haujaisha, runinga imekwisha kutuchorea nani kamiliki mpira zaidi na nani kapiga mashuti mangapi, na kijana aliyeketi kando yako anakuambia kwamba takwimu hazidanganyi. Kijana huyo ningependa asikie kwanza habari za Mwingereza mmoja, Charles Reep.

Reep alikuwa mhasibu katika jeshi la anga. Tarehe 18 Machi 1950 alikuwa uwanjani Swindon, timu ya mji huo ikicheza na Bristol Rovers. Alipochoshwa na mashambulizi yasiyozaa kitu, kipindi cha pili akatoa daftari na penseli, akaanza kuandika kila tendo kwa alama alizozibuni mwenyewe. Hakuacha kwa miaka mingi. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1958 aliichora kwenye karatasi ndefu ya kupambia kuta! Mwanafunzi wa bidii namna hiyo ningempenda sana. Mwaka 1968, yeye na mtakwimu Bernard Benjamin wakachapisha matokeo yao: mabao kama 80 katika kila 100 yalitokana na mashambulizi ya pasi tatu au pungufu. Kwa Reep maana yake ilikuwa wazi, kwamba pasi nyingi ni kupoteza wakati.

Hapo ndipo ninapogombana naye. Katika hesabu zake zile zile, mashambulizi zaidi ya 90 katika kila 100 yalikuwa ya pasi tatu au pungufu. Chuoni nilikuwa nikiwatega walimu wanafunzi hivi: darasa lina wavulana 90 na wasichana 10, wamefaulu wavulana wanane na wasichana wawili. Je, tuwasifu wavulana? Wasichana wamefaulu mmoja katika kila watano, wavulana hata mmoja katika kila kumi hawakufikia. Reep aliyahesabu mabao, asiyapime na mashambulizi yaliyofia njiani. (Wala nisije nikasema kwamba pasi nyingi ndizo zinazofunga, huenda timu bora ndiyo inayoweza kuzipiga.)

Lingebaki jaridani lisingeniuma. Lakini Charles Hughes, aliyekuwa mkuu wa mafunzo ya ukocha katika Chama cha Soka cha Uingereza, kwa hesabu zake mwenyewe za namna hiyo alihubiri jambo lilo hilo, na mwaka 1990 akalitolea kitabu, The Winning Formula. Somo likitoka kwa mkuu, hufika hadi kwa watoto. Mtoto anayependa kutulia na mpira mguuni huambiwa abutue mbele, naye hana daftari la kujitetea.

Watakaonipinga watanitajia Norway ya kocha Egil Olsen, aliyemheshimu sana Reep. Kweli, kwa mipira mirefu ilikwenda Kombe la Dunia mwaka 1994, huku Uingereza ya kundi lake ikibaki nyumbani, na mwaka 1998 ikaifunga Brazili 2-1. Lakini mipira ile ilikuwa ikimtafuta Jostein Flo, jitu refu lililojua kuipokea kwa kichwa. Wangapi wana Flo?

Michoro ya runinga naitazama na mimi, tena kwa hamu. Nikiambiwa timu imefunga mabao mengi kwa krosi, namwuliza kijana wangu krosi zenyewe zilikuwa ngapi. Mara nyingi mchoro umekwisha kuondolewa.