Utoto Ulikuwa Mtamu, Lakini Nani Aliyeteka Maji?



Wakikutana Waswahili watatu ughaibuni, iwe kwenye harusi, hitima au futari, haipiti saa moja kabla mazungumzo hayajafika utotoni. Mmoja atataja sikukuu za Mnazi Mmoja, wa pili atataja embe za kuokota alfajiri baada ya usiku wa upepo, na wa tatu atahesabu bakora alizokula chuoni, maana hata bakora nazo siku hizi zimekuwa tamu. Watu watacheka, kisha patapita kimya kidogo, na mmoja atasema kwamba watoto wetu wa huku masikini hawakupata kitu. Ya kale ni dhahabu, ndivyo tulivyofunzwa.

Sisi hatuna ugomvi na hamu hiyo. Mtu aliye mbali na kwao ana haki ya kukumbuka. Lakini hamu ya utoto imeshaandikiwa vitabu, na kitabu kikishaandikwa hupimwa. Katika makala haya tunataka kuvipima viwili, vyote vya watu waliozaliwa Zanzibar na kuandikia Ulaya. Cha kwanza ni kitabu cha kumbukumbu za maisha cha Bibi Salme binti Said, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Cha pili ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise, ya mwaka 1994, ambayo tangu 2022 tunaweza kuisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota.

Tuseme mapema kwamba sisi si wahakiki wa fasihi. Tumesomea uhandisi wa majengo, na mhandisi ana tabia inayowaudhi wenye nyumba: akikaribishwa sebuleni haangalii mapazia, anatafuta nguzo ziko wapi. Anataka kujua uzito wote ule wa juu unabebwa na nini. Swali hilo ndilo tulilokwenda nalo katika vitabu hivi viwili.

Bibi Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya Mji Mkongwe, akiwa binti wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mwaka 1866 alitoroka kisiwani, akafika Aden, na huko mwaka uliofuata akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Wakaenda kukaa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, naye akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi ambayo lugha yake alijifunza ukubwani. Katika dibaji anaeleza kwamba alianza kuandika kwa ajili ya wanawe, ambao wakati huo hawakujua zaidi ya kwamba mama yao ni Mwarabu na kwamba alitoka Zanzibar. Nani katika sisi hataitambua hali hiyo?

Na kwa hakika kitabu ni kizuri. Ua la Mtoni tunaliona kwa macho: tausi, paa na mbuni wanazurura humo, watoto wanacheza baina yao, na upande wa baharini yuko baba yao, anakwenda na kurudi barazani ameinamisha kichwa katika mawazo yake. Tunasoma jinsi binti huyu, ambaye hakupaswa kufundishwa kuandika, alivyojifundisha kwa siri kwa kunakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kama walivyofanya wavulana. Hakuna mwanahistoria ambaye angetupa mfupa ule. Anaupata mtu mwenye hamu tu, kwa sababu hamu huhifadhi vitu vidogo ambavyo daftari za serikali hazina haja navyo.

Sasa tutafute nguzo. Mama yake Salme, Bibi Jilfidan, alikuwa Mcherkesi. Salme anaeleza kwamba wazazi wa mama yake waliuawa katika vita, na watoto wao watatu wakachukuliwa na wapanda farasi. Kaka mkubwa akapelekwa upande mmoja. Mdogo wao, mtoto wa miaka mitatu, alilia akimwita mama yake mpaka jioni, wakati naye alipotenganishwa na dada yake. Jilfidan hakupata kusikia tena habari za hata mmoja wao. Aliingia katika nyumba ya Seyyid akiwa mdogo kiasi kwamba meno yake ya utotoni yaling'okea humo.

Tuliposoma mistari hiyo tulikifunga kitabu kwa muda. Maana yake ni kwamba katika kitabu hiki muna utoto wa watu wawili. Utoto wa binti umepewa kurasa na kurasa, na utoto wa mama umepewa aya chache, kisha hadithi ikaendelea. Salme anakadiria kwamba Mtoni waliishi watu wapatao elfu moja. Wengi wao hawana jina kitabuni. Wanapika, wanabeba, wanaogesha watoto, wanapepea. Baadaye imo sura nzima juu ya utumwa, ambamo mwandishi anawalaumu Wazungu kwa haraka yao ya kuufuta na kudai kwamba watumwa wa kwetu hawakuwa na hali mbaya kama ilivyosemwa Ulaya. Anaposema hivyo, meno yale ya Jilfidan hayakumbuki tena.

Wako watakaosema kwamba tunamhukumu bibi wa karne ya 19 kwa mizani ya leo. Tunajibu kwamba mizani si ya kwetu. Ushahidi ameutoa yeye mwenyewe, katika kitabu chake mwenyewe. Kilichomzuia kuunganisha sura na sura si ujinga wala ubaya wa moyo. Tunavyoona sisi, kilichomzuia ni hamu. Mjane aliye peke yake ugenini, anayehesabu senti zake, alihitaji mahali pamoja duniani ambapo kila kitu kilikuwa sawa. Mahali hapo palikuwa Mtoni. Laiti angeuliza ni nani aliyeyabeba maji ya hamamu zile, hata hapo pasingebaki salama. Aliporudi kutembea mwaka 1885 alilikuta jumba limekuwa gofu, na maelezo yake ya siku ile ni katika kurasa za huzuni kubwa kabisa za kitabu.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na methali hiyo tunaipenda sana huku ughaibuni. Lakini mtumwa mwenyewe hakuacha asili. Aliporwa. Methali inamlaumu aliyeondoka, na haisemi neno juu ya aliyechukuliwa. Hapa ndipo anapoingia Gurnah.

Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kufika Uingereza akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Katika Peponi anatupa mtoto wa miaka 12, Yusuf, anayeishi Kawa, mji mdogo wa reli, ambako baba yake ana hoteli. Ni zama za Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila anapopita mfanyabiashara Aziz, nyumba hupata nuru, chakula huwa kizuri, na Yusuf hupewa sarafu ya anna 10. Mtoto humhesabu kuwa ni ami yake. Siku moja anaambiwa afunge virago, atasafiri na ami kwa gari la moshi. Anafurahi kama mtoto yeyote angefurahi.

Pwani anamkuta Khalil, kijana anayeuza katika duka la Aziz, na Khalil ndiye anayemfungua macho: huyu si ami yako, mwite Seyyid. Baba yako ana deni, na wewe ni rehani. Khalil mwenyewe ni rehani. Msomaji aliyelelewa na Sura ya Yusuf ataishika ishara mara moja, kwani Nabii Yusuf naye aliuzwa akiwa mtoto, kwa dirhamu chache za kuhesabika.

Tunachokisifu kwa Gurnah ni kwamba hakuufuta utamu ili autie uchungu. Nyuma ya nyumba ya Seyyid iko bustani yenye ukuta, maji na miti ya matunda, na Yusuf anaipenda kwa moyo wake wote. Bustani ni nzuri kweli. Lakini yumo Mzee Hamdani anayeitunza, mtumwa ambaye alipopewa uhuru na bibi yake alikataa kuupokea, kwa hoja kwamba uhuru si kitu cha mtu kumpa mwenzake. Harufu ya maua na mgongo wa mtunza bustani vimo katika ukurasa mmoja. Kwa lugha ya kazi yetu, Gurnah amechora jengo pamoja na nguzo zake, ilhali Salme amechora mapazia, na amechora vizuri sana.

Kama tuna lawama kwa Gurnah, ni kwamba Yusuf wake ni mpole kupita kiasi. Kicheko kingi kitabuni ni cha Khalil na maneno yake yasiyokwisha. Hata mtoto wa rehani huiba sukari, hugombana, hucheza gololi akasahau alikotumwa. Katika jambo hilo Salme amemshinda, kwani watoto wake ni watundu na wanapumua. Kwa hiyo tunashauri vitabu hivi visomwe pamoja, kimoja baada ya chengine.

Kwa nini tunayasumbukia haya? Kwa sababu sisi nasi kila siku tunatunga kitabu hicho hicho kwa midomo, na wasomaji wake ni watoto wetu waliozaliwa London, Muscat, Toronto na Columbus. Tunawahadithia bahari, tiara na kombolela. Katika kizazi chetu, cha miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, tunaongeza foleni za sukari na sabuni, na hata foleni zimekuwa burudani. Lakini aghalabu hatumtaji mtoto mmoja aliyekuwamo katika nyumba nyingi za mjini. Aliletwa kutoka shamba, umri wake ni wetu au pungufu. Wazee walisema amekuja kukaa na sisi. Alimwita mwenye nyumba mama, kama sisi. Aliamka kabla yetu akateka maji, akafagia ua, akakuna nazi, na sisi tuliporudi skuli yeye alikuwa hajakwenda. Tulicheza naye jioni, kama kazi zimekwisha. Baadaye akaondoka, na wengi wetu leo tukiulizwa jina la baba yake hatulijui.

Huyo ndiye Yusuf wetu. Neno mama alilotamka lilifanya kazi ile ile iliyofanywa na neno ami kule Kawa. Kwa Kiswahili hatuna uhaba wa majina ya udugu, na uzuri wa majina hayo ni kwamba humkaribisha mgeni katika ukoo. Hatari yake ni kwamba humfanyisha kazi bila ujira na bila swali, kwani nani hulipwa kwa kumsaidia mama yake?

Wala si habari ya zamani tu. Nyumba nyingi tulizokulia bado zimesimama, na baadhi yake zinaendeshwa kwa fedha tunazozituma sisi kila mwisho wa mwezi. Tukipiga simu tunauliza hali ya mama, shinikizo la damu, paa linalovuja. Sauti inayopokea simu kabla ya mama mara nyengine ni ya msichana ambaye hatumuulizi lolote isipokuwa ampelekee mama simu. Ikiwa kumbukumbu zetu za utoto zina faida yoyote, basi zituelekeze kwa huyo. Aulizwe jina lake, umri wake, na kama anasoma. Na ikiwa hasomi, anayetuma fedha ana kauli katika nyumba ile, na ada ya skuli si mzigo mkubwa kwa mtu anayeweza kulipa tiketi ya ndege kila mwaka wa pili.

Watoto wetu nao wanastahiki habari kamili. Tunaowapeleka likizo wakiwa wamejazwa hadithi za pepo, wanafika wakakuta umeme umekatika na mtoto mwenzao anawafulia nguo, na wanarudi wakidhani tuliwadanganya. Tukiwahadithia na aliyeteka maji, hadithi haitapungua utamu. Watatuamini zaidi, na pengine watauliza swali ambalo wana wa Bibi Salme hatujui kama walimuuliza mama yao: na bibi yetu Jilfidan, yeye utoto wake ulikuwaje?

Tafsiri ya Kiswahili ilichukua miaka 28 kutufikia tangu riwaya ilipotoka kwa Kiingereza. Sasa ipo. Msomeeni kijana wa nyumbani kurasa za mwanzo kwa sauti, mpaka pale Yusuf anapopanda gari la moshi, kisha mpisheni aulize.