Mjeledi Usioonekana

Katika mwaka 1932, sinema yenye sauti ilipokuwa haijatimiza hata miaka sita, na mafundi wengi wa Hollywood wakidhani kwamba faida ya sauti ni kuwawezesha waigizaji kuimba na kubishana pasipo kikomo, kampuni ya Warner Bros. ilitoa picha iitwayo I Am a Fugitive from a Chain Gang, kazi ya mwongozaji Mervyn LeRoy, ambamo mambo mazito kabisa hayatamkwi na kinywa cha mtu, bali husemwa na nyundo, mnyororo na mjeledi. Nimeitazama mara nyingi, wala sijaona picha nyingine ya kifungo iliyoliamini sikio la mtazamaji kwa kadiri ile.

Kisa chake si kirefu. James Allen, sajini aliyerudi Marekani kutoka Vita Kuu ya Kwanza, hataki tena kiti chake katika kiwanda cha viatu. Ataka kuwa mhandisi ajenge madaraja. Azunguka mji hata mji akitafuta kazi, hata afikia kuipeleka nishani yake kwa mwenye duka la rehani, na yule bwana, badala ya kumpa bei, amwonesha lundo la nishani za askari wengine waliomtangulia. Kisha sahibu wa njiani amwalika kwenda kula mkate wa nyama, kumbe sahibu ana bastola, na kwa bastola hiyo amshurutisha Allen kuchota fedha za muuzaji, dola tano hivi. Polisi watokea, mwenye bastola auawa, na aliyeshurutishwa ahukumiwa miaka kumi ya kazi ngumu.

Hapo ndipo ustadi unapoanza. Hakimu agonga kinyundo chake mezani, na kabla mlio haujafa masikioni umekwisha kugeuka mlio wa nyundo ya mhunzi akigongomea pingu katika vifundo vya miguu. Mtunzi mnyonge angeweka hapa hotuba ya wakili, au machozi ya mama. LeRoy aliona kwamba mahakama na karakana ya mhunzi zikiunganishwa kwa mlio mmoja, hoja imekwisha kutolewa wala haina haja ya shahidi. Baadaye nyundo hizo hizo ndizo zinazohesabu wakati, karatasi za kalenda zikidondoka kwa mapigo ya wavunja mawe.

Lakini lililo bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni jambo dogo la jasho. Allen, mgeni wa machimbo, apangusa uso wake katikati ya jua kali, na mara apigwa akaanguka. Ndipo aelezwapo na mfungwa mzee kwamba mahali hapa hata jasho halipanguswi mpaka mtu apaze sauti kuomba idhini na askari aitikie. Tangu hapo kila ombi la kupangusa jasho, likitolewa kwa sauti ya uchovu na kuitikiwa kwa sauti ya uchovu vile vile, hutuambia habari za utumwa ambazo kurasa mia za kitabu zisingezitosheleza.

Na mjeledi wenyewe? Allen aadhibiwapo, kamera ya Sol Polito haikai mgongoni pake. Yapita polepole juu ya nyuso za wafungwa waliolazwa vitandani, kila mmoja akisikiliza, kila mmoja akijua uzito wa pigo lijalo kwa kuwa mgongo wake mwenyewe walikumbuka. Nadhani wazee wa Tanganyika, waliokulia katika masimulizi ya kiboko cha zama za Mdachi na ya wafungwa waliokokotwa kwa minyororo ya shingo, wasingehitaji mkalimani kuzifahamu nyuso zile.

Paul Muni, aliyelelewa katika tamthilia za Kiyidi, asifiwa sana kwa haki, ila nami nitamsifu kwa kujizuia kwake. Katika maandalizi ya kutoroka mwongozaji naye alichagua kujizuia: mfungwa mweusi aitwaye Sebastian, mwenye shabaha isiyokosea, azipiga pingu kwa nyundo kubwa zipindike kiasi cha kupitisha kisigino, na sisi tunausoma uchungu wote katika taya za Allen zilizobanwa. Hapa lakini nina lawama. Baada ya msaada ule Sebastian asahaulika, kana kwamba kazi yake duniani ilikuwa kupiga pigo moja sawasawa, ilhali wengi wa waliofungwa minyororo katika majimbo ya kusini walikuwa weusi kama yeye.

Mwisho wake ni mashuhuri. Allen aliyehadaiwa na serikali, akajirudisha gerezani kwa ahadi ya siku 90 na ahadi isitimizwe, na akatoroka mara ya pili, aulizwa na mwanamke ampendaye aishije, naye, akirudi nyuma kuingia gizani, ajibu kwamba anaiba. LeRoy alisimulia kwamba giza lile lilizaliwa na taa iliyoharibika wakati wa majaribio; wengine husema lilikwisha kuandikwa. Kwangu ni mamoja, maana bahati nayo humtaka fundi anayeitambua ipitapo.

Mtu wa kweli aliyezaa kisa hiki, Robert Elliott Burns, hakuwa safi kama Allen: alikuwamo katika wizi wa duka mjini Atlanta mwaka 1922, uliozaa dola 5 na senti 80, japo alidai kushurutishwa. Sinema ilimtakasa, nami naona haikuwa na lazima, kwa kuwa sauti ya mjeledi katika bweni lile haimwulizi mtu kama ana hatia. Burns, akiwa bado mtoro wa gerezani, alikwenda Hollywood kwa siri, kwa jina la uongo, kuwashauri watengenezaji. Nao waliliondoa jina la Georgia katika anwani ya kitabu chake kilichozaa picha hii. Alikamatwa New Jersey Desemba 1932, picha ikiwa bado inaoneshwa, na gavana wa huko akakataa kumrudisha Georgia. Mwaka 1945 alikwenda Georgia kwa hiari yake, gavana wa jimbo hilo, Ellis Arnall, akasimama mwenyewe kumtetea mbele ya baraza la msamaha, na hukumu ikapunguzwa hata ikawa ule muda aliokwisha kuutumikia.