Theluji ya Mwenzetu

Hadithi fupi ya Ernest Hemingway iitwayo "The Snows of Kilimanjaro", iliyotoka mwaka 1936, nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi, nikaona fahari mlima wetu kutajwa. Mara ya pili nilikwisha kuwa mwalimu, nikasifu ufundi wake. Mara ya tatu ni mwaka huu, baada ya kwenda Marangu kuulizia kiwanja, na safari hii imenikera.

Naam, ni kazi nzuri, sikatai. Harry, mwandishi anayekufa kwa kidonda kilichooza mguuni, anamlaumu mkewe tajiri, kisha anakiri kwamba ni yeye mwenyewe aliyekiuza kipaji chake kwa raha. Ni wachache waliopata kusema wazi hivyo kuhusu fedha. Lakini fedha yenyewe ni ya wageni tu. Molo, mtumishi, anaagizwa kinywaji, anaitika, basi. Na chini ya kilele kile cheupe anachokiona Harry kutoka angani hakuna mgomba hata mmoja, hakuna mbuni, hakuna moshi wa jikoni. (Hata urefu wa mlima aliandika futi 19,710, na vipimo vya leo ni mita 5,895, yaani kama futi 19,340. Hilo namsamehe.)

Mimi ni mtoto wa katikati. Kwa mila yetu Wachagga, kifungua mimba hupewa kihamba, na kitinda mimba hurithi nyumba ya baba. Sisi wa katikati zamani tulikatiwa pori. Sasa pori limekwisha: juu ni msitu wa hifadhi, chini ni nyika yenye mvua haba. Mkataba wa kahawa wa kimataifa ulipovunjika mwaka 1989 bei ilianguka, na mama aling'oa nusu ya mibuni akapanda nyanya.

Kipande nilichokitaka kiko kando ya barabara. Alfajiri, kabla ya mawingu, Kibo huonekana yote. Mwenyewe aliponitajia bei nilidhani amekosea.

"Mwalimu," akasema, "wewe unatafuta shamba. Mimi nauza mandhari. Wanaojenga hoteli ndio wanaoiweza bei hiyo."

Hapo ndipo nilipomkumbuka Harry, ambaye mlima aliutaka siku moja tu, ya kufa. Nilimwomba yule mzee anisubiri mpaka nitakapolipwa kiinua mgongo. Akacheka kwa upole, akanikaribisha mbege.