Kitunguu cha Leonardo

Mwanzoni mwa miaka ya 1490 Leonardo da Vinci alichora kichwa kilichopasuliwa kati, na pembeni yake akachora kitunguu kilichokatwa. Yaani anakwambia: hesabu maganda. Nywele, ngozi, nyama, utando wa nje wa fuvu, mfupa, tando mbili, halafu ubongo. Mchoro uko Windsor, Uingereza, na mtandaoni unaupata bure.

Mimi naupenda. Kosa linaloonekana mapema ni vile vyumba vitatu vya ubongo, vimepangwa mstari mmoja kama mabehewa. Hilo namsamehe: alifuata vitabu vya zamani, na baadaye alijisahihisha mwenyewe kwa kumimina nta kwenye ubongo wa ng'ombe. Ugomvi wangu ni na kitunguu.

Maganda ya kitunguu yanafanana, na yote yanaachana kwa urahisi uleule. Kichwani sivyo. Weka vidole utosini usogeze ngozi: inateleza, si ndio? Matabaka matatu ya juu yameshikana, yanakwenda pamoja, na chini yake kuna tabaka legelege. Damu ikiingia humo hutambaa mpaka kwenye kope. Ndiyo maana mtu aliyegongwa utosini anaweza kuamka kesho macho yamevilia damu.

Ndani ya fuvu ni kinyume. Utando mgumu umegandamana na mfupa, na kati ya jicho na sikio, pale mfupa ulipo mwembamba, ateri inapita kwa ndani. Mfupa ukivunjika hapo ateri huweza kuchanika, damu ikaanza kuubandua utando. Mtu kaanguka na bodaboda, anainuka, anajipangusa vumbi, anasema yuko poa. Saa chache baadaye analala na haamshiki. Ukikariri maganda tu, huyo utamwacha aende nyumbani, maana hatari yake iko kati ya ganda na ganda.

Halafu utando wa katikati, ule mwembamba kama wa buibui, haumo kabisa. Ulikuja kuelezwa karne ya 17, kwa hiyo simlaumu. Ila chini yake ndipo yanapopita maji yanayouelesha ubongo: wenye gramu 1,400 hivi unabaki kulemea kama gramu 50.

Mimi ningechora nazi. Kiswahili chenyewe kimeshaona, fuvu na kifuu ni ndugu, na nyama yake imeng'ang'ania kifuu kiasi kwamba unahitaji kisu kuibandua. Tatizo tu, maji yake yako katikati.