Hatima ya Mateka: Uhakiki wa Kanuni za Drafti na Bao kwa Ubunifu wa Mchezo wa Vita vya Kifantasia, Katoro, Geita

Anayebuni mchezo mwepesi wa vita vya kifantasia kwa wachezaji wa Katoro hahitaji kuagiza visanamu, visoda vinatosha. Swali gumu ni hatima ya anayetekwa. Katika *Little Wars* (1913) ya H. G. Wells, askari wa bati aliyepigwa huondolewa uwanjani. Kete ya drafti iliyoliwa nayo hutoka. Bao ni kinyume: hakuna kati ya kete 64 inayotoka mchezoni. Zilizoliwa husambazwa upande wa aliyekula, na nguvu ya adui huwa yake. Kuliita bao kielelezo cha mauaji, basi, ni kulisoma kwa jicho la drafti. Hushinda anayeukausha mstari wa mbele wa mwenzake, au kumnyima hatua, ingawa nyuma kete zingalipo.